Mgongo wa Baba Mkwe

Mama mkwe wangu amefia nyumbani kwangu hapa Iringa, na wageni wa mwisho wameondoka juzi. Nimebaki na chumba chake. Nimetoa godoro juani, nimekunja mablanketi, na bado kila nikipita mlangoni kwake natega sikio kama nitaitwa. Aliishi kwangu tangu mume wangu alipofariki, na miaka yake ya mwisho hakuondoka kitandani. Siku tulipokuwa tunamwandaa, mama mmoja wa jumuiya yetu aliniangalia nilivyomgeuza marehemu, mkono mmoja begani na mwingine kwenye nyonga, akaniuliza nilisomea wapi unesi. Nikamwambia nimeishia darasa la saba, kazi hii niliijulia Mbeya mwaka mmoja tu, na mmoja wa walionifundisha ndiye huyu tunayemvalisha. Hakuelewa, na siku ile sikuwa na nguvu ya kumweleza. Naeleza sasa, kwa kuwa nyumba iko kimya na sina mgonjwa.

Mwaka ule nilikuwa mke mpya. Tulipanga vyumba viwili pale Ilomba, na korido nyembamba kati yake iliyoishia kwenye ua wa kupikia. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la kwenda Zambia. Akifika alilala siku chache, anaacha nguo za kufua, anaondoka tena kuelekea Tunduma. Mimi nilikuwa Mbena niliyetoka huku Iringa, yeye Mnyakyusa wa milimani Rungwe, na kwa vijana kama sisi hilo halikuwa jambo kubwa. Lakini kwa wazee wa kwao lilikuwepo jambo moja kubwa. Kwa Wanyakyusa wa umri wa wakwe zangu, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Siyo ugomvi, ni heshima. Akija njiani, wewe unaingia kwenye migomba mpaka apite. Akiwa chumbani, wewe huingii. Jina lake hulitaji, na ukitaka kumwambia neno unamwambia mtu mwingine amwambie. Siku ya harusi yangu niliona viatu vyake na pindo la koti lake, basi. Wengi wa rika langu walikuwa wameshaiacha desturi hiyo, na hata mchungaji alisema haiko kwenye Biblia. Baba mkwe hakuiacha, na mimi sikuona ubaya. Mtu anayejitahidi asikuone ni mtu anayekukumbuka kila wakati.

Kiharusi kilimkuta akikata ndizi shambani kwake. Kilichukua upande wote wa kulia na karibu maneno yote. Walimleta Mbeya hospitali kubwa, na kwa kuwa mume wangu alikuwa safarini, mimi na mama mkwe ndio tuliosimama mezani wodini. Mama Kiswahili alikuwa anakisikia lakini kukisema ilikuwa shida, hivyo nesi akanigeukia mimi.

"Mgonjwa wako anaitwa nani?"

Nikavuta kanga mpaka usoni.

"Dada, nakuuliza jina la mgonjwa."

"Siwezi kulitaja."

"Hulijui?"

"Nalijua."

Akaniangalia kanga niliyojifunika mpaka usoni, akamwangalia mama, kisha akacheka mpaka akaweka kalamu chini. "Kumbe mkweo! Haya mwali, usife hapa mbele yangu. Nitamuuliza mwenye mume." Akamuuliza mama kwa Kinyakyusa. Huyo ndiye Sista Tumaini, mwenyeji wa Tukuyu, mnene, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Jina lile sikulitaja siku ile, na hapa pia sitaliandika.

Kabla hawajamruhusu mzee kutoka, Sista Tumaini aliniita kwenye chumba kilichokuwa na kitanda kitupu. Alisema dawa amemaliza, kilichobaki ni mikono ya watu wa nyumbani. Akaniambia nilale chali, nisijikune, nisijisogeze, nisiinue hata kisigino. Chini yangu aliacha shuka ina mkunjo mmoja kwa makusudi. Akaenda zake kugawa dawa. Mwanzoni niliona mchezo. Baada ya muda ule mkunjo ukawa kama kamba, kisha kama waya. Visigino vikaanza kuwaka, na kitako changu, ambacho wakati ule kilikuwa na nyama ya kutosha, kikafa ganzi. Aliporudi nilikuwa natokwa machozi.

"Umeona?" akasema. "Na wewe una nguvu ya kujigeuza. Yeye hana. Mgonjwa asiyegeuzwa anaoza anapumua." Akanionyesha jinsi ya kumlaza ubavu, mto kati ya magoti, kitambaa kilichokunjwa chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Shuka ivutwe mpaka iwe kama ngozi ya ngoma. Akilowa abadilishwe hapo hapo. Ukiona pekundu kwenye mfupa usipasugue, mgeuze tu asipalalie. Mdomo usafishwe kwa kitambaa na maji ya chumvi kidogo. Ale akiwa amekaa, polepole, na anywe maji, maji, maji.

"Sista," nikamwambia, "mimi siruhusiwi kuingia alipo."

Akashusha pumzi. "Najua. Hata mimi nina mkwe. Lakini mama yako hana Kiswahili cha kunielewa vizuri, na mimi siwezi kuhamia Ilomba. Jifunze. Mtajua wenyewe mtakavyofanya."

Mwanzoni tulifanya vizuri, kwa sababu alikuwepo shemeji yangu Ipyana, mdogo wake mume wangu. Wazee walipewa chumba cha mbele, mimi nikahamia cha nyuma, na mlangoni kwao tukatundika pazia. Ipyana na mama walimgeuza mzee, na mimi nilisimama kwenye korido nikisema kupitia pazia: "Mkono wa juu uletwe mbele kwanza. Mto uko magotini? Shemeji, angalia visigino." Naye Ipyana alikuwa na maneno: "Shemeji, wewe ni kama mtangazaji wa mpira wa redioni, mechi huioni lakini unatangaza." Mama alicheka, na wakati mwingine upande wa mzee ilisikika sauti kama ya mtu anayesafisha koo, nikajua naye amecheka. Nilipika uji wa ulezi mwepesi, ndizi nilizoziponda na maziwa, parachichi lililolainishwa kwa kijiko, vyote nikavipitisha chini ya pazia kwenye sinia. Sinia likirudi nilijua amekula nini. Na nguo zote nilifua mimi.

Kuhusu kufua lazima niseme zaidi, kwa sababu watu huona ndiyo kazi ya chini kuliko zote kwenye nyumba ya mgonjwa. Mimi sikumwona baba mkwe, lakini shuka zake zilipita mikononi mwangu kila siku, na shuka haifichi kitu. Nilijua usiku aliolala vizuri na usiku aliohangaika. Nilijua siku tumbo lilipomsumbua. Nilijua kwa rangi ya mkojo kama amekunywa au la. Mbeya ukiingia mwezi wa sita jua linakuwa la kuangalia tu, halikaushi kitu, hivyo nilitandaza shuka juu ya kiti karibu na jiko la mkaa nikizigeuza kama chapati, na nilikuwa nazikagua huku nazikausha. Watu wa nyumba ya jirani walinicheka kwamba nasoma shuka kama gazeti.

Mavuno ya mpunga yalipofika, Ipyana alikwenda Rujewa. Alikuwa amekodi kipande cha shamba kwenye mfereji, na asingevuna yeye wangevuna ng'ombe wa watu. Alisema atarudi upesi. Hakurudi upesi, maana baada ya kuvuna kuna foleni ya mashineni, na mashine zile za kukoboa zikiharibika watu wanalala juu ya magunia yao. Tukabaki wanawake wawili na pazia. Mama alikuwa mwembamba na mgongo wake ulikuwa umechoka kwa kubeba mizigo ya maisha yote. Nilimsikia akijaribu. Nilisikia kitanda kikilia, nikamsikia akisema kwa lugha yao, ambayo nilikuwa nimeshaanza kuielewa, "Nisaidie kidogo tu, baba wa watoto," kisha akikaa chini. Nikiuliza, "Mama, amegeuka?" alijibu, "Amegeuka." Sauti haikuwa ya mtu aliyefanikiwa.

Kisha ikaja shuka yenye doa. Lilikuwa dogo, la majimaji yenye rangi ya njano na damu kidogo, mahali panapokaa mfupa wa chini ya kiuno. Nililinusa. Nikaketi pale uani na ile shuka magotini. Nilijua ni nini, na nilijua kwamba doa kama lile likiachwa linakuwa shimo. Nilikwenda nalo kwenye korido.

"Mama, baba ana kidonda."

Pazia halikusogea.

"Mama, shuka inasema ana kidonda."

Akatoka. Alikuwa amechoka mpaka macho yameingia ndani. "Nilijua," akasema. "Sikutaka uogope. Mikono yangu haimwinui, mwanangu. Ninamsukuma anarudi pale pale."

"Niingie tumwinue wawili."

"Usiseme hivyo." Akaniziba mdomo kwa mkono, kweli, akauweka mkono wake kwenye mdomo wangu. "Anakusikia. Amebaki na nini mzee huyu? Mkono amenyang'anywa, mguu amenyang'anywa, maneno amenyang'anywa. Heshima ndiyo amebaki nayo. Unataka umwone yuko uchi?"

Nilirudi uani nikapika, na ndizi ziliungua. Siwezi kusema nilikuwa jasiri. Niliogopa wakwe, niliogopa kuambiwa na ukoo wote kwamba yule Mbena amemvunjia mzee heshima. Lakini niliogopa zaidi kitu kingine. Niliona siku ambayo wazee wa kiume wangekuja kumwogesha kwa mara ya mwisho, wakamgeuza, wakakuta mgongo umeoza. Wangesema, kulikuwa na mkwe ndani ya nyumba ile. Ana mikono miwili. Alikuwa anafanya nini?

Mama ndiye aliyepata njia. Kesho yake asubuhi nilimkuta anagongelea misumari, mmoja kando ya dirisha na mwingine ukuta wa pili, kwa jiwe la kusagia. Alifunga kamba kukatiza chumba, juu ya kitanda, na kwenye kamba akatundika kitenge chake kizito cha kanisani, kikaning'inia mpaka kwenye shingo ya mzee. Kichwa na mito vikawa upande wa dirisha. Mwili, kuanzia mabegani, ukawa upande wa mlango, umefunikwa shuka. Akaja kwenye korido akaniambia kwa sauti ya chini, "Kichwa ni changu. Mgongo na miguu ni vyako. Mbele nitaosha mimi mwenyewe kwa mkono chini ya shuka. Hatakuona, hutamwona. Nimemwambia. Amefumba macho muda mrefu, halafu amesema ee." Ee na ndaga, yaani ndiyo na asante, ndiyo maneno aliyoachiwa na kiharusi.

Niliingia bila viatu, nimejifunga kanga kichwani ingawa hapakuwa na wa kuniona. Chumba kilikuwa na harufu ya sabuni ya mche, mkojo na ule moshi wa ndizi zangu za jana. Mama upande wake akasema, "Tayari." Tukashika pamoja, yeye bega na mimi nyonga, tukamgeuza, na baba mkwe akalala ubavu. Nikaona mgongo wake. Ulikuwa mpana, wa mtu aliyelima, wenye kovu refu la zamani ambalo sikuwahi kuuliza limetoka wapi. Na chini kabisa kidonda, siyo kikubwa, ukubwa wa kifuniko cha soda, kingo zake nyekundu. Nilikiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa. Mgongo ulikuwa umekakamaa kama ubao. Alikuwa amejikaza mwili mzima kwa aibu, hata upande ule ambao ulikuwa bado wa kwake.

Tulidhani tumeshamaliza tabu. Kidonda kikaacha kukua, lakini shuka zikaanza kuniletea habari nyingine. Zilikuja karibu kavu. Mkojo kidogo uliokuwepo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi na harufu kali. Nikimbana ngozi ya mgongo kwa vidole viwili ilibaki imesimama. Sinia lilirudi na uji nusu, na kikombe cha maji kilikuwa kimejaa kama nilivyokipeleka. Nikamuuliza mama uani, tukimenya viazi.

"Anabana mdomo," akasema. Akaendelea kumenya kiazi kimoja mpaka kikaisha mkononi mwake. "Hanywi kwa sababu yako."

"Yangu mimi?"

"Anasikia ukifua. Anasikia maji ya beseni hapo nje. Anajua asubuhi hii ni mkojo wake, na jioni ni mkojo wake. Asipokunywa, hutafua. Anakuonea huruma, na anajionea aibu. Agwe, wanaume! Bora afe na kiu."

Tangu hapo mara nyingi nimefikiria jambo hilo, na nililifikiria tena mwaka huu nilipokuwa namnywesha mama kwa kijiko. Sisi tunaouguza tunadhani mgonjwa anataka apungukiwe na maumivu. Kumbe mara nyingi anataka apunguze usumbufu. Anahesabu hatua zetu. Anajinyima ili sisi tupumzike, na kujinyima kwake ndiko kunamuua. Wakati ule sikuwa na maneno haya. Nilikuwa na hasira tu, hasira ya kijana, na nilinawa mikono nikaingia kwenye kile chumba nikasimama upande wangu wa kitenge. Mama alinifuata akapita upande wake.

Kumsemesha sikuruhusiwa. Lakini kumtuma mtu niliruhusiwa.

"Mama, mwambie baba."

Mama alikuwa amekaa karibu naye kiasi cha kugusana, na mzee alikisikia Kiswahili vizuri kuliko mama. Hata hivyo akainama, akamwambia kwa Kinyakyusa kwamba mkwe ana neno la kumwambia.

"Mwambie shuka zake ndizo ninazomjulia. Zikija zimelowa, ninapika kwa amani. Zikija kavu, mimi silali."

Mama akamwambia.

"Mwambie kufua siyo aibu yangu. Kwetu nimefua za bibi na za wadogo zangu. Aibu yangu ni siku wazee watakapokuja kumwogesha wakakuta ameharibika, na mimi nilikuwa humu ndani. Mwambie anaificha aibu yake kwa kunipa mimi yangu, na ya kwangu ni kubwa."

Hapo mama alisita. Kisha akatafsiri, yote, bila kupunguza.

Ule mgongo uliokuwa mbele yangu ulipanda na kushuka. Halafu nikasikia kikombe kikigonga meno, na koo likimeza, tena, na tena, na mama akisema, "Polepole, polepole, utapaliwa, nani anakukimbiza?" Kikombe kilirudi chini ya kitenge kikiwa kitupu. Asubuhi yake mama aliniita kwa kelele nikadhani mzee amekata roho. Nilipofika alikuwa ameshika pembe ya shuka inayodondoka maji. "Ona! Ona baba yako! Ametulowesha mpaka godoro!" Akacheka mpaka akakaa kwenye kigoda, nami nikacheka, na kutoka nyuma ya kitenge ikaja ile sauti ya kusafisha koo.

Ipyana aliporudi kutoka Rujewa na gunia la mchele begani, alinikuta nimeinama juu ya mgongo wa baba yake. Aliweka gunia chini mlangoni.

"Shemeji, umefanya nini? Umemvua baba nguo mbele yako?"

"Njoo uone," nikamwambia.

"Sioni kitu. Toka."

Mama akasema kutoka upande wake, bila kupandisha sauti, "Ipyana, ulikuwa wapi? Basi nyamaza. Nawa mikono, ushike nyonga. Mwali amechoka."

Alinawa. Aliposhika nyonga akaona kidonda kilivyokuwa kimeanza kuziba, kina ngozi changa ya rangi ya waridi. Hakusema pole wala asante. Lakini jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alibeba beseni la shuka mwenyewe mpaka bombani, wanaume wa nyumba za jirani wakimtazama, na mmoja akamuuliza ameolewa lini. Akamjibu, "Mwezi huu. Mahari yangu ilikuwa mchele."

Tuliendelea hivyo mpaka mvua zilipoanza. Kidonda kilifunga kabisa. Siku nyingine nilipomaliza kumpaka mafuta alisema ndaga, na mama akaniambia, "Amesema ndaga," kana kwamba sikusikia, nami nikamwambia, "Mama, mwambie nimesikia." Ule mgongo haukukakamaa tena. Unapomwosha mtu mikono yako inajua siku anapokuachia uzito wake. Kwangu mimi hakuna malipo ya kazi hii yanayozidi hilo.

Alifariki mchana, kwa homa ya mapafu iliyokuja ghafla, mama akiwa amemshika kichwa. Mume wangu alifika kutoka safari na vumbi bado usoni. Wazee wa kiume walikuja, wakafunga mlango, wakamwogesha. Sisi wanawake tulikuwa uani na masufuria. Walikaa humo muda mrefu. Kisha Ipyana akatoka, mikono ya shati imekunjwa mpaka viwikoni, akaja moja kwa moja kwangu mbele ya mashangazi zake wote. "Shemeji," akasema, "wazee wamemgeuza. Wananituma nikwambie mgongo ni mzima." Akarudi ndani.

Walipofungua mlango ili watu wamuage, mama alinishika mkono. Alisema desturi imeisha na mwenyewe, sasa naweza kwenda kumwona uso, hakuna atakayesema kitu. Nilisimama pale mlangoni, nikaona miguu ya watu ikipita na pembe ya jeneza. Nilitaka kuona. Siwezi kudanganya kwamba sikutaka. Lakini mzee alikuwa ametunza jambo lile kwa tabu kubwa mpaka pumzi ya mwisho, na mimi sikuwa na haki ya kulimaliza wakati hawezi tena kusema ee.

"Mama," nikamwambia, "mwambie mimi niko hapa nje."

Mama aliniangalia. Akaingia, akapita kati ya watu, akainama kwenye jeneza, akamwambia.